Vichwa vya Jumatatu

Kinyozi alianguka Jumanne, saa nne asubuhi, mteja akiwa kitini na sabuni mashavuni. Wembe ndio uliomtoka mkononi kwanza. Aliinama kuuokota, akashangaa kuona mkono haumtii, akataka kumwambia mteja asubiri kidogo, na maneno yakatoka yamekatikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Kisha miguu ikamwachia. Mteja yule alikuwa mtu wa watu. Hakukumbuka hata kujifuta. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita, na walipofika hospitalini wauguzi wakamkimbilia yeye, wakidhani mgonjwa ni huyu mwenye povu mdomoni.

Kilikuwa kiharusi. Alilazwa wiki mbili, akarudi nyumbani akiwa hai, jambo ambalo kila aliyekuja kumjulia hali alimkumbusha ashukuru. Alishukuru. Lakini mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia begani kama mkono wa koti la mtu mwingine, mguu wa kulia aliuburuta, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelala: shavu halikupanda wala halikushuka, na pembe ya mdomo ilibaki palepale hata akiudhika. Akili ilikuwa nzima. Maneno aliyajua yote, ila kuyatoa ilikuwa kazi, na wengi hawakuwa na subira ya kumngoja amalize.

Yaliyomuuma hayakuwa makubwa. Mkewe alimfunga kitambaa kifuani wakati wa chai, kwa sababu chai ilimchuruzika kidevuni bila yeye kujua. Jirani mmoja alikuja akakaa pembeni ya kitanda, kisha akamgeukia mke na kuuliza, "Siku hizi anapata usingizi?" kana kwamba aliyelala pale ni mzigo ulioachwa uchukuliwe baadaye. Na ndevu zilikuwa zimeota. Yeye aliyenyoa watu miaka ishirini na sita, ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake kidevu kikiwa na kivuli, sasa alikuwa na ndevu za mtu aliyepotea njia, na hakutaka mtu aziguse.

Zaidi ya yote, hakutaka marafiki zake wamwone.

Walikuwa watatu. Mwalimu alikuwa mstaafu wa hesabu, mrefu, mwenye nywele nyeupe nzito alizozipenda kuliko pensheni yake; kitana hakikumtoka mfukoni mwa shati. Seremala alikuwa mtu wa maneno machache na vidole tisa. Wa tatu alikuwa mwokaji mikate, ambaye watu wote walimwita Unga, kwa kuwa hata siku za mapumziko hakukosa vumbi jeupe masikioni. Unga alikuwa na kipara kinachong'aa na masharubu mazito, na alipenda kusema kwamba nywele zake hazikumkimbia, zilihama tu.

Kila Jumatatu saa nane mchana, siku ambayo vinyozi wengi wanakaa wanafukuza nzi, watu hawa wanne walikutana katika chumba cha kazi cha kinyozi kucheza poka. Kila mtu anapewa karata tano, anazificha, anaweka dau. Anayeshinda ni mwenye karata nzuri, au yule anayejua kuwatisha wenzake mpaka wazilaze zao. Hawakuchezea fedha. Zamani walijaribu, Unga akapoteza baiskeli yake kwa Seremala, na kesho yake asubuhi mke wa Unga akaenda karakana, akakaa juu ya baiskeli ile na kukataa kuteremka mpaka saa ya chakula cha mchana. Tangu hapo walichezea vifuniko vya soda, na walivigombania kuliko fedha.

Jumatatu ya kwanza baada ya kinyozi kurudi nyumbani, walifika mlangoni wamevaa vizuri, kila mmoja na kitu mkononi. Mke alitoka akawaambia amelala. Jumatatu ya pili amelala. Ya tatu amelala, na safari hii mke hakuweza kuwatazama machoni, kwa sababu kutoka chumbani walisikia kikohozi cha mtu aliye macho kabisa.

Ya nne hawakubisha hodi. Walikaa barazani chini ya dirisha la mgonjwa, wakageuza ndoo kuwa meza, Seremala akagawa karata. Halafu wakaanza kucheza vibaya. Walicheza vibaya kwa sauti. Unga aliweka chini jozi mbili, Seremala akaweka tatu za namna moja, na Unga akatangaza kwamba jozi mbili ni karata nne, na nne ni nyingi kuliko tatu, kwa hiyo ameshinda. Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja, alifikiri kidogo kisha akakubali kwamba hoja hiyo haina kasoro. Wakacheza hivyo karibu nusu saa. Mke alisimama jikoni na kijiko mkononi, asijue acheke au awafukuze.

Ukuta ukagongwa kutoka ndani. Wakanyamaza.

"Ta... tatu," sauti ikasema dirishani. Ilichukua muda. Unga alifungua kinywa kumsaidia, na Seremala akamshika bega. Hakuna aliyemmalizia. Walisubiri, karata mkononi, mpaka neno la mwisho likatoka lenyewe. "Tatu... zinashinda... jozi mbili. Wajinga nyinyi."

Mke akafungua mlango.

Mchezo wa kwanza mle chumbani ulikuwa wa aibu. Kinyozi alizishika karata kwa mkono wa kushoto, akizibana kifuani, na kila alipotaka kuchomoa moja, zote zilimwagika shukani na wenzake wakageuza nyuso kutazama dari. Hata hivyo alishinda. Alishinda mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mara ya sita, Mwalimu alipolaza karata zake na kusema hana kitu, kinyozi alinyoosha mkono akazifunua. Walikuwemo wafalme watatu.

Akaisukuma sinia iliyokuwa meza yao. Vifuniko vikatawanyika chini ya kitanda.

"Tokeni," alisema, na neno hilo lilitoka bila shida yoyote.

Mwalimu alianza kueleza, akaacha. Seremala alikuwa tayari anainuka. Unga peke yake alibaki ameketi, anakuna kipara, na alichosema kilimfanya Mwalimu ampige teke la mguu, ingawa alikuwa amechelewa.

"Sasa ulitaka tufanyeje, bwana? Miaka yote tumekusoma mdomoni. Ukipata karata nzuri, huo upande wa kulia unacheza kama mkia wa mbwa. Leo nakutazama, umelala, siambulii kitu. Wenzako wanatafuta uso wa poka maisha yao yote, wewe umepewa bure, na bado unatukasirikia."

Kinyozi alimtazama Unga kwa muda mrefu kwa uso ule ambao kweli haukusomeka. Halafu kitu kikaanza kumtikisa kifuani. Ilikuwa kicheko. Kilitoka kwa upande mmoja wa mdomo, kikiwa na mate na mluzi ndani yake, na kilipoanza hakikutaka kukoma. Unga akajiunga, kisha Mwalimu. Jikoni, mke aliweka kijiko chini akajifuta macho na upande wa kanga, maana alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu Jumanne ile.

Tangu siku hiyo hawakumwachia hata kifuniko kimoja. Seremala alimtengenezea kibao chenye mfereji wa kusimamishia karata. Cha kwanza kilikuwa kizito kama benchi. Cha pili kilisimamisha karata vizuri, ila kwa pembe ambayo Unga, akijifanya anafunga kamba ya kiatu, aliziona zote. Alishinda mchana mzima kabla hawajagundua kwamba siku hiyo amevaa ndala. Cha tatu kilikuwa sawasawa.

Mwenye jengo la chumba cha kazi alikuja nyumbani mwenyewe, viatu vimepigwa rangi, akakataa kiti. Alizungumza kwa upole. Alisema kila mtu ana huzuni, ila chumba cha kazi kimefungwa wiki ya tisa sasa, na yupo muuza simu anayekitaka. Yeye si mtu wa kumtoa mgonjwa. Kama mpaka mwisho wa mwezi ujao atakuta mle ndani kinyozi anafanya kazi, hatagusa kitu. Akimkosa, basi. Maneno hayo yote alimwambia mke, mlangoni, na mume alikuwa hatua tatu nyuma yake.

Ilikuwa Jumatatu, na wale watatu walikuwa wameshafika. Baada ya mgeni kuondoka hakuna aliyegawa karata. Mwalimu alisema angeweza kuandika barua. Unga alitaja kinyozi mwingine wa mtaa wa pili, kisha akakumbuka mwenyewe kwamba mtu yule akishaingia hatatoka, na kile kiti cha kuzunguka kitakuwa chake.

Mke alileta chai, akaweka kikombe cha kila mtu mahali pake.

"Nitanyoa mimi," alisema.

Mumewe alitikisa kichwa. Alieleza polepole kwamba wanaume hawatakaa. Kwamba wembe si kisu cha jikoni. Kwamba watu watacheka. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mbali.

"Miaka ishirini na sita nafua taulo zako," alisema. "Nimefagia nywele za mtaa huu zote, najua za nani ni za nani bila kuambiwa. Nimekusikia ukifundisha vijana wanne kazi hii nikiwa nyuma ya pazia, na wote wanne walikuwa wazito kuliko mimi. Ulichonizidi ni mkono. Na mkono sasa huna."

Mwalimu alitazama ndani ya chai yake. Ni neno ambalo hakuna mtu mwingine angethubutu kumwambia. Kinyozi alikaa nalo. Nusu ya uso wake ilionyesha kwamba limemwingia; nusu nyingine haikusema kitu.

"Utajifunzia... kichwa cha nani?" aliuliza.

Ghafla kila mtu akawa na shughuli na kikombe chake. Mwalimu, bila kujijua, aliinua mkono akazishika nywele zake. Unga akasema kwa moyo mkubwa kwamba wakati kama huu rafiki wa kweli hatoi maneno, anatoa kichwa. Seremala, aliyekuwa hajasema neno tangu aingie, akamkumbusha kwamba yeye hana cha kutoa juu ya kichwa hicho. Halafu akaendelea, na kwa Seremala hiyo ilikuwa hotuba: tucheze; kila Jumatatu, atakayeishiwa vifuniko kwanza anakaa kitini kwa shemeji. Na kwa kuwa haki ni haki, Unga ataweka masharubu.

Unga aliyafunika masharubu yake kwa kiganja. Lakini alikuwa ameshasema mengi, akakosa njia ya kurudi.

Kabla ya kugusa kichwa cha mtu mwingine, mke alianza na mumewe. Asubuhi iliyofuata alimkalisha karibu na dirisha, akapasha maji, akakoroga sabuni mpaka ikawa povu zito kama alivyoona likifanywa. Hakumwomba ruhusa, naye hakukataa. Ndevu zilikuwa za miezi miwili. Alizipunguza kwa mkasi, kisha akashika wembe. Kinyozi alimwongoza kwa kidole cha mkono wa kushoto: alijichora shavuni akimwonyesha nywele zinakolalia, akavuta ngozi akimwonyesha jinsi ya kuinyoosha. Upande uliolala hakusikia kitu, na hapo alimtegemea mkewe kabisa. Mke alimkata mara mbili, karibu na sikio na chini ya kidevu. Mara ya pili aliweka wembe chini, akataka kuacha.

"Endelea," kinyozi alisema.

Alipomaliza alimpa kioo. Kinyozi alijitazama kulia, kushoto, akapitisha kidole. Alimwambia kwamba amebakiza chini ya pua. Hakusema lingine, lakini siku hiyo aliomba apelekwe barazani, akakaa nje mpaka jua likazama, na watu waliopita walimsalimia yeye, wala si mkewe.

Aliyeshindwa kwanza ni Seremala. Alifungua chumba cha kazi mwenyewe, akapangusa vumbi kitini, akakaa kama mtu anayepimwa nguo. Kinyozi alikaa kwenye kigoda pembeni akielekeza. Mashine ilinguruma, mke akabana midomo, na baada ya saa nzima kichwa cha Seremala kilifanana na shamba lililolimwa na ndugu wawili waliogombana katikati. Mke alitaka kulia. Seremala alijitazama kwenye kioo, akashukuru, akaondoka bila kofia. Karakana watu walipomuuliza, alisema shemeji yake anajifunza kunyoa, na akaendelea kupiga randa.

Juma lililofuata ilikuwa zamu ya masharubu. Mke alipunguza upande wa kushoto kidogo, ukazidi kupungua, akaufuata wa kulia ili ulingane, wa kulia ukapitiliza, akarudi kushoto. Unga alikuwa amefumba macho anahesabu milio ya mkasi. Alipofumbua, hapakuwa na kitu cha kulinganisha. Kinyozi aligeuka akatazama ukutani, mabega yakimtikisika. Nyumbani, mke wa Unga alimkagua muda mrefu akamwambia kwamba miaka yote ya ndoa hakujua ana mdomo mkubwa kiasi hicho. Wateja wa mikate hawakumtambua. Mmoja alimwomba amwitie mwenyewe. Unga akaugeuza msiba huo kuwa tangazo. Kila aliyenunua mkate alielezwa ni nani aliyemnyoa, na kwamba masharubu yakiota tu anarudi palepale.

Mwalimu alikuwa anacheza kwa woga usiokuwa na mfano. Alilaza karata hata zikiwa nzuri, alilinda vifuniko vyake kama mayai. Alikuwa na sababu: Alhamisi ya wiki ya tatu alialikwa kwenye shule aliyofundisha, wanafunzi wake wa zamani watakuwepo, atazungumza jukwaani. Jumatatu ya wiki hiyo alipata rea tatu, karata zinazompita hata mfalme, ambazo mtu huzipata mara chache, akatabasamu kimoyomoyo, akaongeza dau.

Kinyozi akasukuma mbele vifuniko vyake vyote.

Mwalimu alimtazama. Upande wa kushoto wa uso ule ulikuwa na huzuni kidogo. Wa kulia ulikuwa kama ukuta. Akamtazama tena, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliwaza kwamba mtu mwenye karata mbaya hawezi kutulia vile, kisha akakumbuka kwamba upande ule hutulia hata mtu akiumwa jino. Jasho likamtoka. Mwisho akalaza rea zake tatu, na kwa kulaza huko akabakiwa na kifuniko kimoja, ambacho aliporwa mchezo uliofuata.

Lakini kabla hawajagawa tena, kinyozi aligeuza kibao cha Seremala wazione karata zake. Alikuwa na saba ya pau na takataka; hata jozi moja hakuwa nayo.

Unga aliinuka akaizunguka nyumba mara mbili kwa mbio. Mwalimu alishika kichwa. Kinyozi alivikusanya vifuniko kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kidevu kikiwa juu, na aliyekuwa hamjui asingeamini kwamba miezi miwili nyuma mtu huyu alikuwa anajificha ndani ya kikohozi.

Mke alimsihi Mwalimu angoje Alhamisi ipite. Kinyozi naye alisema hivyo hivyo. Mwalimu alikwishakaa kitini na kuvua miwani.

"Nimeshindwa kihalali, shemeji," alisema. "Nyoa."

Mke alinyoa vizuri kuliko mara zote. Mbele na pembeni hapakuwa na neno. Nyuma tu, zilipoanzia shingoni, zilipanda kwa ngazi tatu zinazoonekana wazi. Alhamisi Mwalimu alisimama jukwaani, akageuka kuandika jambo ubaoni kama alivyozoea, na ukumbi ukaguna kwa kicheko kilichobanwa. Akageuka taratibu. Aliwaambia kwamba ngazi walizoziona zimechongwa na mwanamke aliyeshika mashine wiki tatu zilizopita, na kwamba yeye katika miaka thelathini na moja ya kufundisha hakuwahi kupata mwanafunzi aliyefika ngazi ya tatu kwa wiki tatu. Kisha akawatajia mtaa na rangi ya mlango.

Lakini hotuba moja haikutosha. Mlango ulifunguliwa kila siku saa mbili asubuhi, na siku nyingi ulifunguliwa bure. Watu waliingia, wakamwona kinyozi kwenye kigoda, wakasalimia kwa furaha. Wakimwona mkewe anakung'uta kitambaa, walikumbuka kwamba wametumwa mahali. Mmoja alikaa, akafungwa kitambaa shingoni, akauliza fundi yuko wapi. Alipojibiwa, alikifungua mwenyewe, akakikunja vizuri akamrudishia. Wifi yake, dada mkubwa wa kinyozi, alikuja mahususi kumwambia kwamba familia inachekwa, mwanamke mtu mzima anashikashika vichwa vya wanaume. Mke aliendelea kusafisha vitana kwa spiriti. Alimjibu kwa heshima kwamba wifi asiwe na wasiwasi, mpaka sasa hajapata vichwa vingi vya kushika.

Kinyozi ndiye aliyemuuliza dada yake kama chai ya wageni imemfaa, akamwonyesha mlango. Baadaye wiki ile, mume wa wifi alikuja peke yake, akaingia kwa haraka, akaomba anyolewe na asiulizwe kitu.

Wakaja wanafunzi wawili wa Mwalimu, watu wazima wenye vitambi, kwanza kwa udadisi. Wakaja wanunuzi wa mikate. Seremala alikaa mara ya pili, bila kushindwa, na safari hii alitoka na kichwa ambacho hakuna aliyeuliza chochote juu yake. Mke aliacha kubana midomo wakati wa kazi. Alianza kuzungumza na wateja, na ikagundulika kwamba anajua habari za kila mtu, maana aliyefagia nywele miaka ishirini na sita amesikia mengi.

Mwisho wa mwezi aliotaja mwenye jengo uliangukia Jumatatu. Wanne walikuwa kwenye meza yao kona ya chumba, wanaume watatu walikuwa wanasubiri kwenye benchi, na mke alikuwa anamalizia kichwa cha wa nne, mwenye jengo alipoingia na muuza simu nyuma yake. Muuza simu alikuwa na futi ya kupimia, ameshaivuta nusu.

Mwenye jengo alisalimia wote. Alitazama benchi, akatazama kioo kilichofutwa, akatazama taulo zilizopangwa. Alisema anaona pana shughuli, na anafurahi, ila yeye alisema kinyozi. Hakumaanisha kumvunjia mama heshima. Alimaanisha fundi, mtu wa wembe.

Mke alimfuta shingo yule wa kitini, akampiga poda, akamruhusu. Akakung'uta kitambaa.

"Una ndevu za siku tatu," alimwambia mwenye jengo. "Kaa."

Alisema ana haraka. Mke alisema hatamchelewesha. Wanaume wa kwenye benchi walikuwa wanamtazama, mmoja wao akiwa amekwishasogea kumpisha zamu, na Unga kutoka kwenye kona aliuliza kwa sauti ya huruma kama bwana anaogopa. Mwenye jengo alikaa.

Hakuna karata iliyosogea. Mke alimlaza nyuma, akampaka povu, akaupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi mara nne. Alianza sikioni akashuka. Chumba kizima kilikuwa kinasikia wembe tu, ule mlio mdogo kama wa karatasi inayochanwa mbali. Mwenye jengo alikuwa na kovu la zamani chini ya kidevu, kipande cha ngozi kilichokunjamana ambacho vinyozi wake wote walikiruka au walikikata. Kinyozi alikijua, alimnyoa miaka mingi na kila mara alikizunguka. Sasa aliinua kichwa kuona mkewe atafanya nini, na mkono wake mzima ulishika ukingo wa meza.

Mke aliweka kidole gumba juu ya kovu, akavuta ngozi kwenda pembeni badala ya juu, akageuza wembe mgongo wa mkono ukielekea shingoni, akapita mara moja. Kisha akaendelea na upande wa pili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alipomwinua na kumfuta, mwenye jengo alijipapasa kidevuni. Vidole vilifika kwenye kovu, vikasimama, vikarudi tena. Aliomba kile kioo kidogo cha mkononi. Alijitazama kwa muda, akauliza ni kiasi gani. Mke alimtajia bei ileile ya kila mtu, akalipa, akamwambia muuza simu akunje futi yake, watakwenda kutazama chumba kile kingine karibu na stendi. Mlangoni aligeuka, na safari hii alimtazama kinyozi mwenyewe, akamuaga, akangoja jibu mpaka likaisha.

Mke alimwita anayefuata.

Kwenye kona, Unga alikuwa ameshaokota karata zake na anataka mchezo uendelee, kwa kuwa kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa na malkia wawili. Lakini kinyozi hakuwa anatazama kibao chake. Alikuwa bado anatazama mikono ya mkewe.

"Mmeona," alisema polepole, "alivyogeuza wembe... pale kwenye kovu?"

Walikuwa wameona.

"Mimi sikumfundisha hilo."

Seremala aliitikia kwa kichwa. Mwalimu aliweka karata zake chini, kifudifudi. Kinyozi alivuta pumzi, akapanga maneno yake vizuri, akalisema tena jambo lilelile kwa sauti kubwa zaidi, ili na wale wa kwenye benchi wasikie.